Jaribio ni la Nani, Hasara ni ya Nani?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 haipati tena marekebisho ya usalama kutoka Microsoft, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa muda. Mwenye laptopu mpya habari hiyo haimsumbui: anapanda Windows 11, maisha yanaendelea. Lakini kuanzia Mlandizi hadi Chalinze, laptopu nyingi za madukani na majumbani zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika kwingine. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane kwenda juu. Laptopu ya mwaka 2012 au 2015 imekataliwa mlangoni, hata kama kibodi yake ni nzima na kioo hakina ufa.

Mwenyewe anabaki na njia nne. Akae alipo bila kinga. Anunue nyingine. Aweke Linux. Au ajaribu mmoja wa ile mifumo endeshi inayoandikwa na wapenda kompyuta kwa muda wao wenyewe, wengi wao bila kulipwa senti. Kati ya mifumo hiyo, Haiku ni miongoni mwa iliyofika mbali.

Hoja iliyo mezani leo Vigwaza, kati ya Mlandizi na Chalinze, ni hii: laptopu kuukuu ya mtu wa kawaida iwekewe Haiku. Wanaoijadili si watu fulani wa kutajwa majina. Ni sauti za kazi zinazopatikana kando ya barabara ya hapo, kati ya mizani ya malori na njia iendayo bandari kavu ya Kwala. Mwanachuo aliyerudi likizo anaitetea. Fundi wa kompyuta na simu anaipinga. Mwenye steshenari, karani wa kampuni ya kutoa mizigo na mwalimu wa sekondari wamekuja na mashaka yao, kila mmoja na yake.

MWENDESHAJI: Mtoa hoja aanze.

MWANACHUO: Shikamooni wakubwa. Nianze kwa kuondoa hofu moja: Haiku haikuanza jana. Miaka ya 1990 kulikuwa na kampuni ya Be, iliyoanzishwa na Jean-Louis Gassée baada ya kutoka Apple. Ilitengeneza mfumo wa BeOS, ukasifiwa kwa wepesi wake wa kucheza video na muziki kwa pamoja kwenye kompyuta za enzi hizo. Mwaka 1996 Apple ilikuwa inatafuta mfumo mpya, ikakaa na Be, bei ikawashinda, ikaenda kununua NeXT ya Steve Jobs. Mwaka 2001 Be ikauza mali zake kwa Palm kwa dola milioni 11, na BeOS ikaishia hapo. Waliokuwa wakiipenda hawakukubali. Mwaka huohuo wakaanza kuiandika upya, na 2004 wakaipa jina la Haiku. Alfa ya kwanza ilitoka 2009, beta ya kwanza 2018, beta ya tano Septemba 2024. Inatosheka na RAM ya MB 384 na GB 3 za diski. Na kabla hujaisakinisha unaiwasha kutoka kwenye flashi, unaizungukia, unaizima, na diski yako haijaguswa. Kujaribu ni bure, na mashine iliyokataliwa inapata kazi tena.

FUNDI: Marahaba, mdogo wangu. Umehesabu vizuri, sasa malizia hesabu. Kutoka 2001 hadi 2024 ni miaka 23, na bado ni beta, yaani ya majaribio. ReactOS, ule mfumo unaotaka kuendesha programu za Windows bila Windows, ulianza 1996 ukiitwa FreeWin95; bado uko alfa. SerenityOS aliianzisha Andreas Kling mwaka 2018, ikapata wafuasi, na 2024 mwenyewe akaiachia wengine akaenda kushughulika na kivinjari cha Ladybird. Hawa ni watu wanaofanya kwa kupenda. Siku wasipopenda, mimi nimpigie nani simu?

MWANACHUO: Kaka fundi, na hiyo Windows unayowawekea watu ikigoma, huwa unampigia nani? Microsoft?

FUNDI: Umeshika pabaya, lakini nitakujibu. Leseni halali ya Windows 11 Home inauzwa dola 139 kule Marekani. Zipo laptopu hapa zimenunuliwa kwa pungufu ya hapo. Mteja anakuja anataka Word ifunguke, Excel ifunguke, sinema zicheze, na jioni awe nayo nyumbani. Nikianza habari za leseni ananiaga, anavuka barabara kwa fundi mwingine.

MWANACHUO: Basi kila laptopu inayotoka kwako nayo iko kwenye majaribio. Windows iliyochakachuliwa hakuna ajuaye nani aliichokonoa, ameongeza nini humo ndani, wala kama marekebisho yatapokelewa. Haiku wameandika beta waziwazi, kila apakuaye aone. Wewe umeandika wapi?

MWENDESHAJI: Hapo tutarudi. Mama, mashine inayozungumziwa ni ya kwako.

MAMA STESHENARI: Mimi sina ugomvi na Haiku, na Windows si ndugu yangu. Nina laptopu, printa na foleni. Matokeo ya NECTA yakitoka, watu wamejaa mlangoni. Dirisha la mikopo la HESLB likifunguliwa, vijana wanakuja na vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA na fomu za wadhamini. Ninaskani, ninapunguza ukubwa wa faili, ninapandisha kwenye mfumo wao. Mwingine anaomba kazi Ajira Portal. Mwalimu hapa ananiletea mitihani ya kudurufu jioni, anaitaka asubuhi. Kwa hiyo maswali yangu ni ya dukani. Printa itatoa karatasi? Skana itasoma? Tovuti za serikali zitafunguka? Na flashi za wanafunzi zinazokuja na kile kirusi cha shotikati, kinachoficha mafaili na kuacha vimshale, zitanifanya nini?

MWANACHUO: Nianze na la mwisho, mama. Kirusi kile kimeandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Haiku hakina pa kushika. Kwenye printa siwezi kukuahidi. Zipo zinazokubali, lakini hizi za bei nafuu zinazochapa na kuskani kwa pamoja mara nyingi draiva zake zimetengenezwa na kampuni husika kwa Windows na Mac tu. Na tovuti: kivinjari chake, WebPositive, kinafungua kurasa nyingi, ila tovuti nzito zenye fomu ndefu zinaweza kukwama.

MAMA STESHENARI: Zikwame katikati ya fomu ya mkopo, saa tano na dakika hamsini za usiku, siku ya mwisho?

MWANACHUO: Inawezekana.

MAMA STESHENARI: Nashukuru kwa kusema kweli. Kwangu haiingii.

KARANI: Mama amenisemea. Mimi natoa mizigo. Hati zikichelewa kwenye mfumo wa forodha wa TRA, kontena linalala, siku za bure zinaisha, na mteja wa Lubumbashi anapiga simu kila saa. Sina nafasi ya kubahatisha. Lakini kuna jambo nataka nimtetee kijana, fundi amelipita juu juu. Hapo mizani, lori la ekseli saba linaruhusiwa tani 56 kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Likizidisha, hakuna anayeuliza dereva ana haraka gani. Sisi laptopu yenye RAM ya GB 2 tunaipakia Windows 10, antivirusi, vivinjari viwili na kalenda ya kampuni, halafu tunamwambia fundi mashine imezeeka. Haijazeeka, imezidishiwa.

FUNDI: Karani, hapo tuko pamoja. Lakini kama tatizo ni mzigo, Linux nyepesi zipo. Lubuntu ipo, Mint ipo. Firefox iko ndani, LibreOffice iko ndani, printa nyingi zinashika. Kwa nini tuiruke Linux twende Haiku?

MWANACHUO: Kwa duka la mama na ofisi ya karani, hata mimi ningeweka Linux.

MWENDESHAJI: Mtoa hoja, unajua kwamba hapo umeikata hoja yako nusu?

MWANACHUO: Nimeikata, nusu iliyobaki ndiyo ninayoitaka. Linux unayoiona kwenye kioo imekusanywa kutoka makundi mengi: kiini cha hawa, madirisha ya wale, sauti ya wengine. Haiku, kuanzia kiini hadi ukingo wa dirisha, inatunzwa na kundi moja kama kitu kimoja. Ndiyo maana mtu mmoja mwenye subira anaweza kuielewa yote. Niruhusuni nionyeshe.

*Laptopu inayotumika ni ya fundi, ya kufanyia majaribio. Diskini mwake hakuna kitu cha mtu. Flashi iliandaliwa nyumbani kwa programu ya Rufus. Faili la Haiku halifiki GB 2, ingawa kwa bando la siku hilo si faili dogo. Fundi anaingia kwenye mipangilio ya ndani ya mashine, anazima Secure Boot, anabonyeza F9 na kuchagua flashi.*

*Kinatokea kioo chenye jina la Haiku na mstari wa alama ndogo zilizofifia; zinawaka moja baada ya nyingine kutoka kushoto, kila moja ikiashiria hatua iliyokamilika. Zikiisha, linakuja dirisha la kuchagua lugha na kibodi, na vitufe viwili: kujaribu au kusakinisha. Mwanachuo anabonyeza cha kujaribu. Meza ya rangi ya buluu inafunguka. Juu kulia kuna kisanduku chenye alama ya jani, hicho ndicho menyu kuu. Kila dirisha lina kichwa cha manjano kisichoenea upana wote. Kimekomea panapoishia jina lake. Anashika kitufe cha Windows kwenye kibodi, anakivuta kichwa cha dirisha moja hadi kwenye kichwa cha jingine, na madirisha mawili yanashikana yawe moja lenye vichwa viwili.*

KARANI: Hilo la kushikanisha nalitaka leo hii. Hati ya shehena na ankara ndani ya dirisha moja.

MWANACHUO: Subiri uone hili. Natengeneza faili la mtu: jina, simu, anwani. Hili si ukurasa wa Excel wala programu ya pekee. Ni faili la kawaida, na hizo taarifa zimebandikwa kwenye faili lenyewe. Mfumo wa kupanga mafaili wa Haiku umerithi hilo kutoka BeOS. Sasa naagiza: nitafutie kila mtu ambaye namba yake inaanza hivi. Jibu limekuja papo hapo, na nikiongeza mtu mwingine, orodha inajijaza yenyewe bila kuagizwa tena. Barua pepe zinakaa hivyohivyo, kila barua faili lake.

FUNDI: Nipishe na mimi niikague kwa macho ya kazi. Sauti ipo. Wi-Fi imeonekana.

MWANACHUO: Draiva nyingi za Wi-Fi wamezichukua FreeBSD na OpenBSD.

FUNDI: Kamera haiitiki. Nafunika kifuniko... haikulala. Feni inazunguka.

MWANACHUO: Haina usingizi. Ukifunika bila kuizima, inakula betri hadi iishe.

FUNDI: Kwa umeme wetu huu, hilo ni jambo. Nikitaka kusakinisha?

MWANACHUO: Unagawa diski kwa programu ya DriveSetup, sehemu moja unaiandaa kwa mfumo wa mafaili wa Be, kisakinishi kinanakili kila kitu. Kwenye laptopu za zamani zinazotumia BIOS unaamuru iandike sekta ya kuwashia, umemaliza. Kwenye zinazotumia UEFI kuna kazi ya mkono: lazima uwe na sehemu ndogo ya EFI, na faili la kuwashia ulinakili mwenyewe kwenye folda yake. Ukisahau, kila kitu kimesakinishwa ila mashine haijui pa kuanzia.

FUNDI: Hapo ndipo mteja atakaponirudia saa moja asubuhi. Na swali langu la mwisho: nenosiri la kuingilia liko wapi?

MWANACHUO: Haiku imejengwa kwa mtumiaji mmoja. Anayewasha ndiye mwenye mashine, na ana mamlaka yote. Kuna kufunga kioo kwa nenosiri, lakini hakuna akaunti tofauti kama Windows au Linux.

MAMA STESHENARI: Kwa hiyo mtoto ninayemwachia duka nikienda sokoni, naye ana mamlaka yote? Juu ya vyeti vya watu na namba za NIDA?

MWANACHUO: Ndiyo, mama.

MWENDESHAJI: Mwalimu, umekaa kimya muda mrefu.

MWALIMU: Nimewasikiliza mkiupima mfumo kwa kazi ya leo, na kwa kipimo hicho umeanguka, sibishi. Mimi nafundisha vijana wanaoamini kwamba kompyuta ni kile kitufe cha Start. Windows 11 ilipokihamisha kutoka pembeni kwenda katikati, wapo walionijia wakidhani mashine imeharibika. Wamefundishwa mahali pa kubonyeza, hawakufundishwa kinachotokea wakibonyeza. Zile alama zilizowaka moja moja pale mwanzo, kila moja ni somo la kipindi kizima: mashine imetambua vifaa, imepata diski, imepakia draiva. Windows inaficha yote hayo nyuma ya nukta zinazozunguka.

Na hili neno "kwa kupenda" fundi amelisema kama tusi. Agosti 1991 mwanafunzi wa miaka 21 wa Helsinki, Linus Torvalds, aliwatangazia wenzake kwamba anaandika mfumo endeshi kwa kujifurahisha. Kiini cha mfumo huo ndicho kilicho ndani ya simu za Android mlizonazo mifukoni. Hapa kwetu nako watu walijaribu. Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikuwa na mradi wa Kilinux, wakishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, na mwishoni mwa 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu msimbo wake ulikuwa huria. Hawakuhitaji kupiga hodi kwa mwenye kampuni.

FUNDI: Iko wapi leo, mwalimu? Kwenye laptopu zinazopita mikononi mwangu sijaiona.

MWALIMU: Umeuliza panapouma, na jibu linakusaidia wewe kuliko mimi. Kutoa toleo ni sherehe ya siku moja, kulitunza ni kazi ya miaka. OpenOffice ilisonga mbele, mwaka 2010 LibreOffice ikachipuka kutoka kwake, na tafsiri isiyofuatishwa toleo kwa toleo hubaki nyuma. Ndiyo maana ile miaka 23 ya Haiku uliyoicheka, mimi naiheshimu. BeOS ilikuwa na kampuni, ikafa. Haiku haina kampuni, iko hai. Ina shirika lisilo la faida, Haiku, Inc., linalokusanya michango, na tangu 2021 linamlipa mwandishi mmoja wa programu kwa mkataba. Tangu 2007 wamekuwa pia wakipokea wanafunzi kupitia Google Summer of Code, nao wanalipwa kwa kuandika sehemu za mfumo. Kijana wa Vigwaza anayejua lugha ya C++ anaruhusiwa kuomba kama yule wa Berlin.

FUNDI: Akijua C++. Wangapi shuleni kwako?

MWALIMU: Hakuna. Na hatakuwepo, kama mashine pekee anazozigusa ni zile ambazo amekatazwa kuziharibu.

FUNDI: Mwalimu, mzazi amelipa mwanawe ajue Word na Excel. Matangazo ya kazi yanataja hizo. Ukimpeleka kwenye madirisha ya vichwa vya manjano, akifika kwenye usaili atasema nini?

MWALIMU: Mashine za darasani siziondolei Windows. Nataka moja tu pembeni, ya kufungua na kuharibu.

MAMA STESHENARI: Niseme jambo moja, maana mnazunguka. Mimi kila mkizungumza najiuliza: ikiharibika, nani analia? Kijana akijaribu kwenye laptopu yake, ikizima, yeye ndiye aliyekosa kulala. Mwalimu akijaribu kwenye mashine ya pembeni, hakuna aliyepoteza kitu. Fundi akijaribu kwangu, mtoto wa mtu amekosa mkopo, na mtoto huyo hakuwepo tulipokubaliana. Wala hakuambiwa kwamba kuna jaribio.

KARANI: Na kwangu anayelia ni mwenye kontena, yuko Lubumbashi.

MAMA STESHENARI: Basi. Anayejaribu ndiye alipe. Mfumo uitwe Haiku, uitwe Windows ya kuchakachua, kwangu ni mamoja.

MWANACHUO: Mama, nakubali, lakini sheria hiyo ina upande wa pili. Kama kila mtu ajaribu kwenye mashine yake tu, basi anayeruhusiwa kujifunza ni mwenye laptopu ya ziada. Hapa Vigwaza wako wangapi? Mimi mwenyewe laptopu ninayotumia nyumbani ni ya mjomba, ndiyo maana Haiku naiendesha kwenye flashi bila kuisakinisha. Torvalds alikuwa na kompyuta yake chumbani. Mkisema mjaribu alipe, hakikisheni asiye na kitu naye ana pa kulipia.

KARANI: Hapo kijana umesema.

MWENDESHAJI: Fundi, laptopu zilizokufa dukani kwako zinaishia wapi?

FUNDI: Nazichinja spea. Hii natoa kioo, hii kibodi, hii RAM. Nyingine zimekatazwa na bei: kuitengeneza ni ghali kuliko kununua nyingine, mwenyewe anaitelekeza.

MWALIMU: Na kati ya hizo zilizotelekezwa hakuna inayowaka?

FUNDI: Zipo. Betri imekufa, inawaka kwa chaja tu. Bawaba imevunjika. RAM GB 1 au 2, Windows haikai hata ukiibembeleza.

MWALIMU: MB 384 inakaa.

FUNDI: Mwalimu, umenitega. Sawa, nitatoa moja, kwa sharti: diski ya mteja naifuta kwanza kabisa, na kijana huyu ndiye atakayekuja shuleni kuisakinisha mbele ya wanafunzi, pamoja na hiyo kazi ya EFI. Wakikwama wasije dukani.

MWANACHUO: Nakuja. Tena wakikwama ndipo watakapojifunza.

MWENDESHAJI: Tufunge hoja. Kama ilivyoletwa, kwamba laptopu kuukuu ya mtu wa kawaida iwekewe Haiku, imeshindwa, na aliyeishinda ni mtoa hoja mwenyewe, alipokataa kumwahidi mama printa. Inayopigiwa kura sasa ina vipengele viwili. Kwanza: mfumo wa majaribio uwekwe kwenye mashine ambayo hasara yake inabebwa na mjaribu peke yake, uanze kwenye flashi, na mafaili yote yawe yamenakiliwa kwingine kabla diski haijaguswa. Pili: yeyote anayeweka mfumo kwenye mashine ya mwingine amwandikie ni mfumo gani, una leseni au hauna, na marekebisho yake ya usalama yanaishia lini.

FUNDI: Cha kwanza naunga mkono. Cha pili kinaniua. Nikiandika kwenye risiti kwamba Windows hii haina leseni, nimejishtaki kwa mkono wangu. Nikiacha kuiweka, mteja kavuka barabara.

KARANI: Mwekee Linux uandike hivyo, au mwuzie leseni uandike hivyo. Mteja akijua bei ya kila kimoja, achague. Sasa hivi umemchagulia wewe.

FUNDI: Na jirani yangu ng'ambo ya barabara asipoandika?

MAMA STESHENARI: Mimi sitapeleka mashine kwa asiyeandika. Na wateja wangu wakiniuliza fundi wa kwenda, nitamtaja anayeandika. Hiyo ndiyo nguvu niliyonayo, nakupa.

FUNDI: Haya. Nitaandika, tuone kama njaa nayo inasoma risiti. Lakini mama, msumeno ukate pande zote. Laptopu yako nimeifungua mara nyingi. Kwenye folda ya vipakuliwa kuna vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa kata nzima, vya miaka na miaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu na wewe. Umenibana kuhusu nenosiri la Haiku, na Windows yako tangu nikuwekee hujaitia nenosiri.

MAMA STESHENARI: Foleni ikiwa ndefu, nenosiri linachelewesha.

FUNDI: Na leseni inachelewesha. Ikivuja hiyo folda, mama, nani analia?

MAMA STESHENARI: ... Andika vipengele viwe vitatu. Anayepokea hati za watu kwenye mashine yake abandike ukutani siku ya kuzifuta, na azifute kweli. Kesho uje uniwekee nenosiri, na risiti yangu uiandike vizuri: mfumo gani, leseni ipo au haipo, mwisho lini.

*Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Kipengele cha kwanza kimepita kwa wote watano. Cha pili kimepita kwa wanne, fundi akijizuia. Cha tatu kimepita kwa wote, mama akiwa wa mwisho kunyoosha.*